Kuchagua Sayansi ya Neva: Swali, Chombo na Gharama katika Uamuzi wa Wanasayansi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza sababu zilizowafanya baadhi ya wanasayansi mashuhuri wa karne ya 20 kuziacha taaluma walizokwisha kuzimudu, hususan fizikia, jenetiki na udaktari wa akili, na kujiunga na sayansi ya neva. Hoja inayojengwa ni kwamba uamuzi huo haukutokana na mvuto wa ubongo peke yake. Ulifaulu pale ambapo mambo matatu yalikutana: swali lisilomwachia mtafiti nafasi, chombo kidogo ambacho kwacho swali hilo lingeweza kuulizwa, na uwezo wa kubeba gharama ya safari. Sehemu ya mwisho inaitumia hoja hiyo kuitazama hali ya Afrika ya Mashariki na mchango wa wanaisimu wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Katika matumizi ya kila siku, nyuzi zinazounganisha ubongo na viungo vya mwili huitwa kwa Kiswahili mishipa ya fahamu. Jina hili limebeba dai zito. Linasema kwamba kile kinachomwezesha mtu kuhisi na kutambua kinapita katika kitu kinachoshikika, ambacho daktari anaweza kukipasua na kukitazama. Istilahi ya kutoholewa, neva, ni fupi na inafaa kwa kazi za kitaalamu, lakini dai hilo haimo ndani yake. Sayansi ya neva ndiyo taaluma inayolichukua dai hilo na kuligeuza kuwa swali: inawezekanaje kiungo chenye uzito wa kilo 1.4 hivi kikakumbuka, kikaogopa, na kikatunga sentensi ambayo hakijapata kuisikia?

Uchunguzi wa ubongo ni wa siku nyingi. Mwaka 1861 Paul Broca, daktari wa upasuaji wa Paris, alionyesha uhusiano kati ya kidonda cha sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, na kupotea kwa uwezo wa kusema. Mwaka 1906 Camillo Golgi na Santiago Ramón y Cajal waligawana Tuzo ya Nobel, ilhali walikuwa hawakubaliani juu ya jambo la msingi kabisa. Golgi aliamini kuwa mfumo wa neva ni wavu mmoja usiokatika. Cajal alishikilia kuwa umejengwa kwa seli zilizo mbalimbali, yaani niuroni. Cajal ndiye aliyethibitika kuwa sahihi.

Hata hivyo, taaluma inayotambulika kwa jina la sayansi ya neva ni changa. Mwaka 1962 Francis Schmitt, mtaalamu wa fizikia ya viumbe, alianzisha huko Marekani mpango wa kuwakutanisha watafiti wa ubongo kutoka fani mbalimbali, na mwaka 1969 kikaundwa chama cha wanasayansi wa neva wa nchi hiyo. Kabla ya hapo hapakuwa na mlango wenye jina hilo. Kila aliyeingia alikuwa ametoka katika chumba kingine. Kwa sababu hiyo, historia ya taaluma hii kwa kiasi kikubwa ni historia ya watu waliochagua kuhama, na uamuzi wao unaweza kuchunguzwa kama mtaala wa kuchagua fani.

2.0 Swali lisilomwachia mtu nafasi

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Francis Crick. Alizaliwa Uingereza mwaka 1916, akasoma fizikia katika Chuo Kikuu cha London, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akafanya kazi ya kubuni mabomu ya baharini. Vita vilipokwisha alikuwa amekaribia umri wa miaka 30, hana shahada ya uzamivu wala jina. Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1988 anaeleza jinsi alivyofanya uchaguzi. Siku moja aligundua kuwa alikuwa akiwasimulia wenzake kwa shauku habari za dawa kama penisilini, jambo ambalo kwa kweli hakulijua kwa undani. Akatambua kwamba alikuwa akipiga soga tu. Kutokana na hilo akajiwekea kipimo: jambo linalompendeza mtu kwa dhati ni lile analolipigia soga bila kulazimishwa.

Alipojipima kwa kipimo hicho, alibaki na mambo mawili: mpaka baina ya kilicho hai na kisicho hai, na utendaji wa ubongo. Alichagua la kwanza. Uchaguzi huo ulizaa, mwaka 1953, ugunduzi wa umbo la DNA alioufanya pamoja na James Watson, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1962. Lakini lile jambo la pili halikufutika. Mwaka 1976, akiwa na miaka 60, alihamia taasisi ya Salk huko California na kuigeukia sayansi ya neva. Mwaka 1990, yeye na Christof Koch walichapisha makala iliyotetea kuwa hali ya kufahamu, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa imeachiwa wanafalsafa, inaweza kuchunguzwa kwa njia za kibiolojia. Alifariki mwezi Julai 2004 akiwa bado anasahihisha mswada juu ya sehemu nyembamba ya ubongo iitwayo klaustro. Makala hiyo ilitoka mwaka uliofuata.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia katika mfano huu. Kwanza, Crick hakuichagua sayansi ya neva kwa kuidharau fizikia au biolojia ya molekuli. Aliichagua kwa sababu swali lilikuwa limekaa naye kwa miaka 30. Pili, alipolikabili swali hilo kwa mara ya kwanza, mnamo mwaka 1947, aliliahirisha. Uahirishaji huo haukuwa woga. Wakati ule hapakuwa na njia ya kuliuliza ambayo ingezaa jibu, ilhali katika suala la urithi njia ilikuwa imeanza kufunguka. Kwa hiyo swali, hata likiwa kubwa na la dhati, halitoshi peke yake.

3.0 Chombo cha kuulizia

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika taaluma inayojadiliwa hapa, methali hiyo inahitaji kutazamwa upya, kwa kuwa waliofaulu walitumia muda mrefu sana kuchagua jembe. Ubongo wa binadamu una niuroni takriban bilioni 86. Hakuna aliyeweza kuanza na shamba la ukubwa huo. Wanasayansi watatu wafuatao kila mmoja alianza kwa kutafuta kiumbe kidogo ambacho kingeubeba mzigo wa swali kubwa.

Wa kwanza ni Sydney Brenner. Alizaliwa mwaka 1927 huko Germiston, Afrika ya Kusini, mtoto wa fundi viatu, na akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa waliotegua fumbo la jinsi maelezo ya DNA yanavyosomwa katika seli. Mwezi Juni 1963 alimwandikia barua Max Perutz, mkuu wa maabara yao huko Cambridge, akieleza kuwa karibu matatizo yote makuu ya biolojia ya molekuli yalikuwa yametatuliwa au yangetatuliwa katika muda wa miaka kumi, na kwamba ulikuwa wakati wa kuelekea kwenye ukuaji wa viumbe na mfumo wa neva. Alimchagua mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja, anayelishwa bakteria na kukua kwa muda wa siku tatu hivi. Mnyoo huyo, katika umbo lake la huntha, ana niuroni 302, si zaidi wala si pungufu. Mwaka 1986, baada ya kazi ya zaidi ya mwongo mmoja, Brenner na wenzake, wakiongozwa na John White, walichapisha ramani ya miunganiko yote ya niuroni hizo katika makala yenye kurasa zaidi ya 300. Ramani ya namna hiyo ya ubongo mzima wa inzi wa matunda aliyekomaa, wenye niuroni 139,000 na ushei, ilichapishwa mwaka 2024. Safari ya kutoka kwa mnyoo hadi kwa inzi ilichukua miaka 38.

Wa pili ni Seymour Benzer. Yeye alipata shahada ya uzamivu ya fizikia mwaka 1947 kwa utafiti juu ya upitishaji wa umeme katika gemaniamu, kazi iliyokuwa karibu kabisa na uvumbuzi wa transista. Angeweza kubaki huko na kuneemeka. Kitabu cha Erwin Schrödinger cha mwaka 1944 kuhusu maana ya uhai kilimvuta kwenye jenetiki ya virusi, na katika miaka ya 1950 akaonyesha kuwa jeni si punje isiyogawanyika. Kisha, katikati ya miaka ya 1960, alihama mara ya pili. Inasimuliwa kuwa tofauti za tabia kati ya binti zake wawili, waliolelewa nyumba moja, zilimfanya aulize ni kiasi gani cha tabia kinatokana na urithi. Chombo chake kilikuwa inzi wa matunda, vichupa vya kioo na taa: alichomulika mwanga upande mmoja, akawatenga inzi wanaoufuata na wale wasioufuata. Mwaka 1971, yeye na mwanafunzi wake Ronald Konopka walieleza juu ya inzi wenye hitilafu katika jeni moja: baadhi yao siku yao ilikuwa ya saa 19, wengine ya saa 28, na wengine hawakuwa na mpangilio wowote wa kulala na kuamka. Utafiti uliotokana na jeni hiyo ndio uliowapatia wanasayansi wengine watatu Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017.

Wa tatu ni Eric Kandel, ambaye hakutoka katika sayansi asilia. Alizaliwa Vienna mwaka 1929, akakimbilia Marekani mwaka 1939 kutokana na mateso ya Wanazi, na katika Chuo Kikuu cha Harvard alisoma historia na fasihi. Alitaka kuwa mtabibu wa nafsi kwa mkabala wa Freud. Mwaka 1955 alikwenda katika maabara ya Harry Grundfest akitaka kujua mahali zilipo nafsi tatu za nadharia ya Freud ndani ya ubongo. Grundfest alimshauri autazame ubongo seli moja baada ya nyingine. Kandel alimchagua konokono wa bahari mwenye niuroni 20,000 hivi, baadhi yao kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Wakubwa kadhaa wa taaluma walimwona kuwa anapotea, kwa sababu hawakuamini kuwa konokono angeweza kueleza lolote juu ya kumbukumbu ya binadamu. Alionyesha kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hubadilisha nguvu ya miunganiko iliyopo, ambapo ile ya muda mrefu huhitaji protini mpya na kuota kwa miunganiko mipya. Mwaka 2000 alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Katika mifano yote mitatu mtafiti hakuiacha taaluma yake ya awali, aliihamisha. Brenner na Benzer walikuja na mbinu za jenetiki, na Kandel alikuja na swali la mwanafasihi juu ya kumbukumbu. Anayechagua sayansi ya neva dhidi ya sayansi nyingine, kwa hiyo, anadhani anachagua kati ya vitu viwili vinavyopingana, ilhali aghalabu anachagua mahali pa kukitumia kile alichokwisha kujifunza.

4.0 Gharama ya uchaguzi

Masimulizi ya washindi huweza kupotosha, maana yanaficha waliokwama. Sigmund Freud ni mfano wa aliyekwenda njia ya kinyume. Kati ya mwaka 1876 na 1882 alifanya kazi katika maabara ya Ernst Brücke huko Vienna, akichunguza seli za neva za samaki na kambamwitu wa maji baridi. Mwaka 1891 alichapisha kitabu juu ya afasia kilichokosoa nadharia zilizotawala wakati huo. Alikuwa na swali, na alikuwa na chombo. Alichokosa ni riziki. Mwaka 1882 alikuwa ameposa, mshahara wa maabara haukutosha kuanzisha nyumba, na nafasi za juu zilikuwa zimeshikwa na wengine. Brücke mwenyewe alimshauri aondoke. Freud akaingia katika utabibu, na humo ndimo ilimozaliwa nadharia ya nafsi ambayo Kandel, miaka mingi baadaye, alitaka kuirudisha maabara.

Ipo pia gharama ya aina nyingine, nayo ni hatari ya kuvutwa na picha. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashine za sumaku zimewezesha kuonyesha mabadiliko ya damu katika ubongo wa mtu aliye hai anapofikiri. Picha zake zenye rangi zimewaleta vijana wengi katika taaluma. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka ndani ya mashine hiyo samaki aina ya samoni aliyekwisha kufa, wakamwonyesha picha za watu. Data zilipochambuliwa bila kusahihisha wingi wa ulinganishi, kompyuta ilionyesha kuwa sehemu ya ubongo wa samaki mfu "inafanya kazi". Mwaka 2013 uchambuzi mwingine ulikadiria kuwa uwezo wa kitakwimu wa tafiti za sayansi ya neva, kwa kiwango cha kati, ulikuwa asilimia 21 hivi tu. Yaani nyingi zilikuwa na sampuli ndogo mno kuweza kukiona hata kilichokuwapo. Kasoro hizi haziivunji taaluma. Zinaonyesha kuwa anayeingia bila hisabati ya kutosha atakuwa mateka wa mashine yake.

5.0 Uchaguzi huo katika Afrika ya Mashariki

Mara nyingi hudhaniwa kuwa sayansi ya neva ni anasa ya nchi tajiri. Dhana hiyo ina ukweli kwa upande wa mashine za sumaku, lakini haina nguvu kwa upande wa mnyoo, inzi na konokono. Inzi wa matunda hulishwa unga wa mahindi, hamira na sukari. Aidha, wataalamu wa bara hili wamekuwa na chombo chao cha pamoja tangu mwaka 1993, wakati Chama cha Wanasayansi wa Neva wa Afrika kilipoundwa Nairobi.

Jambo lililo zito zaidi ni kwamba yapo maswali ambayo hayataulizwa kwa ukamilifu iwapo wenyeji wake hawatayauliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, Tanzania. Miongoni mwao walikuwamo watoto ambao vichwa vyao viliinama na kuinuka bila hiari, hali iliyoelezwa na wenyeji kwa maneno "amesinzia kichwa". Miongo kadhaa baadaye hali ya namna hiyo iliwakumba watoto wengi wa Sudani Kusini na kaskazini ya Uganda. Tafiti zimeihusisha na minyoo inayoenezwa na usubi, lakini namna ubongo unavyodhurika haijafikiwa muafaka. Vivyo hivyo, mwaka 1985 wilaya ya Tarime ilikumbwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu kwa ghafla unaohusishwa na sianidi ya mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha. Swali la namna hii linamhitaji mwanakemia wa vyakula sawasawa na linavyomhitaji mtaalamu wa neva.

Kwa mwanaisimu, mlango uko karibu zaidi kuliko anavyodhani. Nadharia za afasia, tangu kwa Broca na Carl Wernicke, zimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya lugha za Ulaya. Mgonjwa wa Kiingereza mwenye ukosefu wa sarufi huelezwa kuwa hudondosha viambishi na kubakiza mzizi, ambao katika lugha hiyo ni neno kamili. Katika Kiswahili, kitenzi kama hawatanipigia kina mofimu saba: ha-wa-ta-ni-pig-i-a. Mzizi -pig- hauwezi kusimama peke yake, na piga ni amri. Msemaji wa lugha ambishi bainishi, ubongo wake ukidhurika kwa kiharusi, atadondosha nini? Mwaka 1990 Lise Menn na Loraine Obler walihariri mkusanyo mkubwa wa data za ukosefu wa sarufi kutoka lugha 14. Haimo hata moja ya Kibantu. Mwaka 2011 Tom Abuom, akishirikiana na Obler na Roelien Bastiaanse, alichapisha utafiti uliotumia Kiswahili na Kiingereza kuzipima nadharia zinazoshindana kuhusu hali hiyo. Lugha iliyokuwa imekaa pembeni ikawa kipimo. Aliyeifanya kazi hiyo hakuhitaji kuusahau uambishaji. Uambishaji ndio uliompa la kusema.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kuichagua sayansi ya neva badala ya sayansi nyingine si suala la kulinganisha hadhi za taaluma. Crick alikuwa na swali kwa miaka 30 kabla hajapata wasaa wa kulikabili. Brenner, Benzer na Kandel walifaulu kwa kupata kiumbe kilicholitosha swali. Freud alikuwa na vyote viwili akashindwa na kodi ya nyumba. Mwanafunzi wa uzamili anayesimama kwenye njia panda hana budi kujiuliza mambo hayo matatu kwa mpangilio huo: ni jambo gani analolizungumza hata pasipo mtihani, ni kwa kitu gani kidogo kilichoko karibu naye jambo hilo laweza kupimwa, na ni nani atakayemlisha wakati kipimo hakijatoa jibu. Vyuo vikuu vinavyowahimiza wanafunzi kuingia katika taaluma hii vina wajibu juu ya swali la tatu, kwa kuwa mawili ya mwanzo mwanafunzi anaweza kuja nayo mwenyewe.